Filamu ilimgeuza Faramir: je, nina haki ya kukasirika?

Swali: Jambo yaya. Mimi ni mwalimu wa Kifaransa kwenye shule moja ya sekondari huku Katuba. Le Seigneur des anneaux, kile kitabu kirefu cha Tolkien, nilikisoma nikiwa bado mwanafunzi, na mpaka leo Faramir ndiye ninayempenda kuliko wote mle ndani. Juzi mdogo wangu alileta filamu zote tatu kwenye fleshi, tukaziangalia nyumbani. Ya pili ilipofika kwa Faramir nilikasirika hadi nikatoka nje. Mdogo wangu, ambaye hajasoma hata ukurasa mmoja, alinicheka: “Yaya, ni filamu tu.” Hasira yangu ina msingi, ao ni kiburi cha mtu aliyesoma? Tena paroko ametupa ukumbi tuanzishe klabu ya kusoma na kutazama pamoja na vijana. Tuanze na kitabu ao na filamu?

Jibu: Hasira yako ina msingi, mdogo wangu, na mdogo wako naye hakukosea kufurahi. Filamu zile ni kazi nzuri mno kwa mtu anayeingia bila kumjua yeyote. Lakini wewe ulikuwa unawajua. Katika kufundisha uandishi wa senario hapa Lubumbashi nimesikia wasomaji wakizilalamikia filamu kwa sababu za kila aina, na nyingine hazina uzito wowote. Yako inao, na nataka uone uko wapi, kwa sababu utauhitaji mbele ya vijana wako.

Turudi kwa Faramir mwenyewe. Katika Les Deux Tours, juzuu ya pili iliyotoka 1954, yeye ni kapteni wa ufalme wa Gondor. Anawakuta porini Frodon na Sam, hobiti wawili, yaani watu wa kimo kifupi, wanaobeba Pete ya adui ili wakaiangamize, Pete inayomharibu kila anayeitamani, na anawapeleka kwenye pango lililofichwa nyuma ya maporomoko ya maji. Anamhoji Frodon kwa adabu, akipima kila jibu. Anasema wazi kwamba kitu kile kinachotafutwa asingekiokota hata angekikuta kimelala kando ya barabara. Baadaye Sam, ameshakula na kunywa divai, ulimi unamteleza na anaitaja Pete. Hapo msomaji anashika pumzi, maana huyu ni mdogo wake Boromir, na Boromir ndiye aliyejaribu kumnyang'anya Frodon kwa nguvu. Faramir anasimama wima, macho yanang'aa. Wageni wake ni wawili tu, watu wake wamejaa pangoni, hakuna wa kumzuia. Kisha anaketi tena na kulishika neno lake. Wanapoondoka anawapa chakula na fimbo za safari.

Katika filamu ya 2002, Faramir huyo huyo anatangaza kwamba Pete itapelekwa Gondor. Anawaburuta wafungwa wake hadi Osgiliath, mji unaopigwa vita, na ni huko tu, baada ya kuona kwa macho yake jinsi Pete inavyomwita adui, ndipo anawaachilia. Mwisho ni ule ule: hobiti wanaenda zao. Ndiyo maana mdogo wako haoni shida. Lakini mtu aliyewaachilia si yule yule. Wa kitabu alijikatalia kabla ya kujaribiwa, na alipojaribiwa akabaki palepale. Wa filamu alijaribiwa, akaanguka, akainuka. Tolkien alipigana kwenye vita vya Somme mwaka 1916, na katika barua moja aliandika kwamba kama kuna mtu wa kitabu anayefanana naye, basi ni Faramir. Aliyemgusa Faramir ameugusa moyo wa mwandishi.

Sasa uwasikilize na waliofanya hivyo, kwa sababu hawakuwa wazembe. Peter Jackson na waandishi wenzake, Fran Walsh na Philippa Boyens, walieleza sababu zao waziwazi. Filamu ya kwanza ilimfundisha mtazamaji kwamba hakuna anayeikaribia Pete akabaki salama: mchawi Gandalf alikataa kuishika, mtawala Galadriel alitetemeka mbele yake, Boromir ilimwangusha. Akitokea ghafla kapteni mmoja na kusema haitaki, mtazamaji ambaye hajasoma atadhani Pete imeisha nguvu. Tena buibui Shelob, ambaye kitabuni anafunga juzuu ya pili, alihamishiwa filamu ya tatu, kwa hiyo Frodon alibaki bila kilele. Osgiliath ilitengenezwa ili kumpa kilele hicho. Ni sababu za fundi anayejua kazi yake, na mimi naziheshimu. Walichokinunua ni mwendo mzuri wa filamu, na bei yake walimlipisha Faramir.

Linganisha na Tom Bombadil. Yule mzee wa msituni mwenye nyimbo zake aliondolewa kabisa, na sura zake zote. Wasomaji walinung'unika sana kabla filamu ya kwanza haijatoka mwaka 2001. Leo ni wachache wanaoendelea kuibeba hasira hiyo. Filamu tatu zilipoonyeshwa kwenye sinema zilikuwa na dakika 178, 179 na 201, na hizo zilipaswa kumeza kitabu cha kurasa zaidi ya elfu moja. Msomaji mwenye akili timamu anaelewa kwamba lazima kitu kikatwe. Bombadil aliyekatwa anabaki mzima kitabuni, hakuna aliyemvunjia heshima. Faramir hakukatwa. Aligeuzwa, na sasa kuna mtu mwingine anayetembea na jina lake, ambaye mamilioni wanamjua kuliko wa kwanza.

Hapo ndipo naweka mpaka, mwalimu mwenzangu: kukata ni tofauti na kugeuza. Wapenzi wa kitabu wanasamehe makato makubwa ajabu, lakini hawasamehe tabia ya mtu ikibadilishwa, hata kwa sekunde tatu. Na sisi tuliokulia hadithi za Kalulu, yule sungura mjanja, tunalijua jambo hili tangu utoto. Kila bibi ana Kalulu wake. Mmoja anaongeza fisi, mwingine anaondoa mto, wa tatu anaimba wimbo ambao hakuna mwingine anaouimba, na watoto wanakaa kimya wanasikiliza. Lakini msimulizi akimfanya Kalulu awe mnyofu, mtoto wa miaka mitano atamkatiza: hapana, Kalulu hafanyi hivyo!

Kuhusu hizo sekunde tatu, chukua Harry Potter et la Coupe de feu. Jina la Harry, mwanafunzi wa uchawi, limetoka kwenye Kombe linalochagua washindani bila mtu kujua limeingiaje, na Dumbledore, mkuu wa shule, anamwuliza kama ni yeye aliyelitia. Kitabu, kilichotoka 2000, kinasema aliuliza kwa utulivu. Katika filamu ya 2005 Dumbledore anakuja mbio, anamkamata kijana, anamsukuma nyuma huku akimfokea usoni. Hakuna tukio lililoondolewa. Swali ni lile lile. Kilichobadilika ni sauti na mikono, basi. Na bado, miaka ishirini baadaye, wasomaji wa dunia nzima wanakitaja kipande hicho kuliko sura nzima zilizoachwa. Tulipoionyesha filamu hiyo kwenye ukumbi mmoja wa Kamalondo, kwa sauti za Kifaransa, vijana waliosoma walipiga kelele mahali palepale, wote kwa pamoja, na waliokuwa hawajasoma wakageuka kuwauliza kumetokea nini. Nguvu ya Dumbledore kitabuni ni kwamba hababaiki watu wote wanapobabaika. Mwondolee utulivu, umebaki na mzee mwenye ndevu.

Tolkien mwenyewe alilisema jambo hili zamani. Mwaka 1958 aliletewa mpango wa filamu ya kitabu chake, akaujibu kwa barua ndefu yenye ukali. Hakukataa kukatiwa. Kuna mahali alipendelea sehemu iondolewe kabisa kuliko iharibiwe. Kilichomuudhi ni mapigano yaliyoongezwa bila sababu, tai waliotumiwa ovyo, na mwandishi ambaye hakutambua kiini cha hadithi kiko wapi. Mwanawe Christopher, katika mazungumzo na gazeti la Le Monde mwaka 2012, alikuwa mkali zaidi: alisema kitabu kimetolewa matumbo na kufanywa filamu ya mapambano ya vijana wa miaka 15 hadi 25. Mimi naona alizidisha. Sam akimbeba Frodon mlimani katika filamu ya tatu ni Tolkien mtupu, na filamu hiyo ilipochukua Oscar 11 mwaka 2004 wasomaji wengi waliolalamika walishangilia pia. Lakini mtoto akimlilia baba yake hatumpimii machozi.

Kuna kugeuza kwa aina nyingine, ambako si tabia inayovunjwa bali mtambo wa hadithi. Percy Jackson, mvulana aliyezaliwa na mungu wa Kigiriki, kitabuni ana miaka 12, na kuna unabii juu ya kile kitakachotokea mtoto wa miungu wakubwa atakapofikisha 16. Vitabu vyote vitano ni safari ya kuelekea siku hiyo ya kuzaliwa. Filamu ya 2010 ikamfanya kijana mkubwa tangu mwanzo. Rick Riordan, mwandishi, alikuwa amewaandikia watengenezaji mapema akiwaonya kwamba watawapoteza watoto walewale waliokipenda kitabu, na barua hizo baadaye akazitoa hadharani. Hawakumsikia. Filamu ya pili ilikuja 2013, kisha basi. Mwishoni mwa 2023 hadithi ilianza upya kama mfululizo wa televisheni, mwandishi akiwa ndani ya kazi, na Percy akarudishiwa utoto wake.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo vijana wako watakuuliza hata usipolitaja: rangi ya wachezaji. Hapa hasira zinachanganyika, na mtu asipokuwa mwangalifu ataiita haki kile ambacho ni chuki.

Ursula Le Guin aliandika hadithi za Terremer, kitabu cha kwanza mwaka 1968, kuhusu mchawi Ged. Ged ana ngozi ya kahawia inayoelekea wekundu. Rafiki yake Vesce ni mweusi. Watu wengi wa visiwa vile ni weusi au kahawia, na weupe ndio wachache, wanatoka pembeni. Aliyapanga hayo kwa makusudi, wakati ambapo mashujaa wa hadithi za aina hiyo walikuwa weupe karibu wote. Mwaka 2004 televisheni moja ya Marekani ikatengeneza Terremer na kumpa Ged mchezaji mweupe. Le Guin aliandika makala mwezi Desemba mwaka huo akieleza kwamba hadithi yake imepakwa chokaa, na kwamba hakuwa na mamlaka ya kuzuia. Hiyo ni hasira ninayoitetea kwa mikono miwili, kwa sababu rangi ile ilikuwa sehemu ya kile kitabu kilichokuwa kinasema.

Miaka minane baadaye ikatoka filamu ya Hunger Games, nayo ilitoka kitabuni. Kuna msichana mdogo, Rue, ambaye kitabu kinasema ana ngozi ya kahawia iliyokoza. Alichezwa na Amandla Stenberg, na watu waliojiita wapenzi wa kitabu wakajaza mtandao kwa matusi kwamba Rue amefanywa mweusi. Maneno yalikuwa yameandikwa mbele yao! Walisoma, na macho yakayaruka, kwa sababu mtoto asiye na hatia vichwani mwao hakuweza kuwa na rangi ile. Halafu tazama dunia inavyozunguka. Mwaka 2025 Stenberg huyo huyo alitangazwa miongoni mwa wachezaji wa filamu ya De sang et de rage, riwaya ya Tomi Adeyemi ya 2018 yenye mizizi ya Kiyoruba, akipewa nafasi ya binti mfalme Amari. Safari hii wasomaji walilalamika kwamba ngozi yake si nyeusi vya kutosha, kwa kuwa Amari wa kitabu ana ngozi iliyokoza na mama yake anamsumbua kwa sababu hiyo hiyo. Malalamiko mawili juu ya ngozi ya mtu mmoja. La kwanza lilitoka kwa watu waliokataa kusoma kilichoandikwa. La pili lilitoka kwa watu waliokisoma vizuri mno, ingawa baadhi yao nao walimshambulia mchezaji badala ya kuuliza waliomchagua, na hilo silikubali.

Na kuna kesi ya tatu, iliyo ngumu zaidi. Annabeth, rafiki wa Percy katika vitabu vya Percy Jackson, ana nywele za rangi ya dhahabu. Mfululizo mpya ulimpa nafasi hiyo Leah Jeffries, binti mweusi, na mwaka 2022 mtoto wa watu alitukanwa hadi Riordan akaingilia na kuwaambia wasomaji wake mwenyewe kwamba hicho ni ubaguzi, na kwamba alimchagua kwa moyo na akili yake. Mtu ataniuliza: mbona ulimtetea Ged, hapa unanyamaza? Sinyamazi. Narudi kwenye kipimo changu. Ondoa rangi ya Ged, umeondoa neno ambalo Le Guin alitaka kulisema. Badilisha nywele za Annabeth, yeye bado ni binti wa mungu wa hekima, bado anapanga vita kabla ya wengine kuamka. Hakuna kilichogeuzwa.

Jambo moja tena kabla ya klabu yako. Hasira hizi hazikai mahali pamoja. Mwaka 2001 na 2002 palikuwa na wasomaji walioona Jackson amekinajisi kitabu. Les Anneaux de pouvoir, mfululizo wa televisheni wa ulimwengu ule ule wa Tolkien, ulipoanza 2022, filamu zilezile ndizo zilizotumiwa kama fimbo ya kuupigia: wengi waliolalamika hawakuulinganisha na Tolkien, waliulinganisha na filamu walizokua nazo. Na matusi kwa wachezaji weusi wa mfululizo huo yalipozidi, wachezaji wanne waliokuwa hobiti katika filamu za zamani walijitokeza hadharani kuwatetea.

Basi tuje kwenye ukumbi wa paroko. Unaniuliza kitabu au filamu kwanza. Kwa mtu anayekusudia kusoma, kitabu kwanza, na sina mashaka. Sababu ni uso. Kitabu kinampa Frodon miaka 50 anapotoka nyumbani, ingawa haonyeshi umri huo. Elijah Wood alikuwa hajafikisha 20 walipoanza kupiga picha mwaka 1999. Ukishamwona, hutaweza tena kumtunga Frodon wako. Macho yale makubwa yatakujia kila ukurasa. Kijana anastahili kuwa na Frodon wake mwenyewe walau kwa wiki chache.

Lakini najua hali ya vitabu mjini. Mtapata nakala moja, mbili mkibahatika, na vijana ni thelathini. Kwa hiyo msijaribu kitabu kizima. Chagua sura moja, isomwe kwa sauti, wasomaji wakipokezana, na wewe ukisimama kuuliza: mtu huyu unadhani atafanya nini sasa? Waandike majibu. Kisha waonyeshe kipande cha filamu cha sura hiyo tu, na hata umeme ukikatika katikati mna cha kujadili. Pango la Faramir linafaa kabisa kwa siku ya kwanza. Usiwaambie unachokifikiria. Waulize maswali mawili: nini kimekatwa, na nani amegeuzwa? Utashangaa jinsi wanavyoacha haraka kupigana juu ya nani ni shabiki wa kweli.

Ukiwa na kikundi kinachosoma Kiswahili vizuri, wape pia Kusadikika ya Shaaban Robert, ya mwaka 1951. Nchi inayoelea angani, mfalme, waziri Majivuno, na Karama aliyeshtakiwa kwa kutaka kufundisha sheria. Kitabu ni chembamba, nakala moja inazunguka upesi. Waambie wao ndio watengenezaji wa filamu, wana saa moja na nusu. Watagundua mara moja kwamba Karama anasimulia habari za wajumbe sita mbele ya baraza, na sita ni wengi kwa sinema. Wakate wawili, hata watatu, hakuna atakayewalaumu. Kisha atatokea mmoja, hakosi, atakayesema mtu anayeongea tu barazani anachosha, tumpe Karama upanga atoroke gerezani usiku. Muache aitetee hoja yake mpaka mwisho, kwa sababu ni hoja ileile ya Jackson juu ya Faramir, na ina nguvu. Halafu wengine wamjibu. Karama anashinda kwa maneno, mbele ya watu wenye uwezo wa kumuua. Akishika upanga, ni nani huyo tuliyebaki naye?

Na kwa mdogo wako aliyekucheka, usimlazimishe juzuu ya kwanza. Ameshaona filamu, kila uso ameshaujua, atachoka kabla ya ukurasa wa mia. Mfungulie karibu na mwisho wa juzuu ya tatu, pale hobiti wanne wanaporudi kwao Comté na kukuta miti imekatwa, nyumba zimebomolewa, na watu wao wanaamriwa na majambazi katika nchi yao wenyewe. Filamu iliiacha sura hiyo nzima, kwa hiyo hakuna mchezaji atakayemsumbua. Akimaliza, muulize kama walifanya vyema kuikata. Mimi naona walikosea, lakini usimwambie kabla hajasoma.